Lenzi ya Kumpigia Picha Mama Mkwe

Kwetu Buha, nchi ya wanaosema Kiha, mwanamume aliyelelewa vizuri hamtazami mama mkwe wake usoni. Akimwona anakuja njiani, anapisha, anajitia vichakani kana kwamba ana haja yake huko, mpaka mama apite. Akienda ukweni anasalimia akiwa nje, ameinama, anapiga makofi taratibu, na salamu inajibiwa kutoka ndani. Hali chakula mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hali mbele yake. Vijana wa mjini Kasulu wanayacheka mambo haya. Nimewaona wakipiga selfi na wakwe zao, vichwa vimegusana. Mimi nilizaliwa Kitahana, upande wa Kibondo, kwa baba aliyeshika ya zamani kwa mikono miwili, na nilipooa binti wa karibu na Kabanga nikakuta na wao ni wale wale. Kwa hiyo, kwa miaka yote ya ndoa yangu, mama mkwe nilimjua kwa sauti, kwa kanga zake na kwa miguu yake yenye nyufa. Uso wake niliupitia juu juu, kama mtu anavyopitia jua.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina chumba kimoja mjini Kasulu, pazia la buluu, stuli na taa mbili. Wanakuja walimu wageni wanaotaka picha za vyeti, wanakuja maharusi, na Jumamosi naitwa kwenye kipaimara au mahafali. Nyuso ndizo zinanilisha. Nimezitazama za watu wengi kiasi kwamba nikikaa kanisani naona tu nani ana jicho moja dogo kuliko jingine.

Mama mkwe alipata uvimbe chini ya taya. Alilazwa hospitali ya Kabanga, akatibiwa, akaruhusiwa, akarudi tena. Mwisho madaktari wakasema wazi, kwa upole, kwamba waliloweza wamelifanya, na yeye mwenyewe akaomba arudishwe nyumbani kwake akakae na watu wake. Uvimbe ulikuwa bado upande mmoja, lakini ulikuwa unapanda. Wote tulijua kwamba baada ya muda si mrefu uso ule hautakuwa ule.

Ndipo mke wangu akanijia. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Baba watoto, nataka picha ya mama," akasema. "Sina hata moja. Kuna ile tu ya kitambulisho cha mpiga kura, na ile amekunja uso kama anagombana na karani."

"Nitamtuma kijana wa studio ya pale sokoni, anapiga vizuri," nikasema.

"Hamtaki. Nimeshamwuliza. Simu nayo nimejaribu. Akiiona anajifunika kanga, anasema picha ya simu ni ya kuchezea. Anataka apigwe na fundi, na fundi anayemtaka ni wewe." Akatupa jiwe moja dogo nje ya ungo. "Nataka picha ambayo mama ananitazama. Iwe ukutani, nikipita anione. Basi. Sitaki kingine."

Nilimwambia sawa, kwa sababu hakuna mume ambaye angeweza kusema vingine. Halafu nikaenda kukaa studio, nikafunga mlango, na nikaogopa kweli kweli.

Kulikuwa na shida ya mila, na kulikuwa na shida ya mwanga. Niliianza ile ya mwanga, maana hiyo niliisomea. Chumba cha mama mkwe ni cha matofali mabichi, kuta zimeingia moshi wa miaka, kina dirisha moja ambalo mtu anaweza kuliziba kwa sinia. Lenzi niliyokuwa nayo ni ile inayouzwa pamoja na kamera, ya kuvuta na kurudisha. Mchana, uwanjani, haina tatizo. Ndani ya chumba kama kile ni kipofu. Mdomo wake haufunguki vya kutosha kupokea mwanga, na ukiilazimisha kamera ione gizani, picha inajaa chembe chembe kama uji ulioshindikana. Flashi nayo ilikuwa haiwezekani. Mama alikuwa anaumwa kichwa mpaka taa ya kibatari aliombwa mtu aiweke nyuma ya mlango.

Dawa ilikuwa inajulikana: lenzi isiyovuta. Lenzi ya namba moja tu, ambayo ukitaka kitu kiwe kikubwa unakifuata kwa miguu, na ukitaka kiwe kidogo unarudi nyuma. Kwa kuwa haina mashine ya kuvuta ndani yake, hutengenezwa ndogo, na mdomo wake hufunguka sana. Nilikuwa nimeitamani kwa muda mrefu bila sababu ya maana. Sasa sababu ilikuwepo, nami nikaichukia.

Swali lilikuwa namba ipi, maana lenzi hizi huitwa kwa milimita zake. Wanaofundisha mtandaoni, ambao wengi wao nadhani hawajawahi kumpiga picha mtu aliye mgonjwa, wanasema kwa sauti moja kwamba uso ni hamsini. Wanasahau kusema hamsini kwenye kamera gani. Kamera zetu hizi za bei ya watu, kile kipande cha ndani kinachopokea picha ni kidogo kuliko cha kamera kubwa, kwa hiyo kinachukua katikati tu na kutupa pembeni. Hamsini ukiifunga humo inakuwa kama sabini na tano, inakusukuma nyuma. Thelathini na tano ndiyo inayokuwa kama jicho la mtu aliyesimama akiongea na mwenzake. Ishirini na nne inaona chumba kizima, lakini ukiisogeza usoni inamvimbisha mtu pua, na mama yule alikuwa na uvimbe wa kumtosha.

Jirani yangu wa duka, mfanyabiashara wa vitenge na vyombo ambaye asili yake ni Tanga, alikuwa anakwenda Kariakoo kufunga mzigo. Akaniambia atanichukulia, ila nimpe jina la kitu kimoja nisimchanganye. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu dukani wala ya kurudisha. Nikafanya kile anachofanya mpiga picha asiye na duka la kamera karibu: nikachukua plasta ya kidonda, nikaibandika kwenye ile lenzi yangu ya kuvuta ili isizunguke. Siku kadhaa niliibana kwenye hamsini. Nikaenda nayo sokoni, nikampiga mwuza dagaa, nikampiga mke wangu jikoni, nikitembea nyuma mpaka nikaangusha beseni. Halafu nikaibana kwenye thelathini na tano, nikaanza upya. Unaishi na namba moja mpaka miguu yako iijue.

Miguu yangu ilijua haraka. Kwa hamsini, uso unajaa vizuri nikiwa nimesimama nje ya mlango. Kwa thelathini na tano lazima niingie ndani, nikae kwenye kigoda, magoti yangu karibu yaguse kitanda.

Unaona mambo yalikofikia. Ile shida ya mila niliyoiacha pembeni ilikuwa imekaa ndani ya lenzi inanisubiri. Nikachagua hamsini, tena ile nene, yenye mwili kama kopo la maziwa, kwa hesabu kwamba nikiiinua itanifunika uso wote. Nitakuwa nje, nitakuwa nimefunikwa, mama atakuwa ndani na heshima yake. Nilijiona mwerevu sana. Jirani akaondoka na jina hilo mfukoni.

Kabla lenzi haijaja, mke wangu akataka tukajaribu, asije akakuta mama amebadilika. Tulikwenda asubuhi, jua likiwa limeanza kuingia mlangoni. Nikasimama nje, nikainama, nikapiga makofi.

"Mwakeye," nikasalimu.

Salamu ikajibiwa kutoka ndani, sauti imekuwa nyembamba. Mke wangu akamketisha kitandani, akamfunga kitambaa kipya kichwani, akakaa pembeni yake. Nikainua kamera, lenzi ya zamani imebanwa na plasta kwenye hamsini, nikapiga nikiwa nje ya kizingiti. Nilipiga nyingi. Picha zilikuwa za giza na zilitikisika, lakini hilo nililitegemea. Nilitaka kujua tu umbali.

Mke wangu alitoka, akachukua kamera, akazitazama moja moja kwenye kioo cha nyuma. Nilimwona anapoteza furaha.

"Hanitazami," akasema.

Ilikuwa kweli. Katika kila picha mama alikuwa anatazama mwimo wa mlango, au sakafu, au bega la binti yake. Nami nilikuwa nimeisahau nusu nzima ya mila yetu. Nilikuwa nimejishughulisha na macho yangu mimi, nikasahau kwamba na yeye hapaswi kunitazama. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo kwa miaka yote alipanyima macho yake, na nilitaka leo ayalete pale pale. Hakuna lenzi ya namba yoyote ambayo ingeweza kuyaleta.

"Mwambie ageuze macho," nikamnong'oneza mke wangu.

"Nimwambieje? Nimwambie amvunjie mkwe wake heshima?"

Tulikuwa tunabishana kwa sauti ndogo, lakini nyumba ile ni ndogo kuliko sauti ndogo. Tukasikia mama anamwita binti yake. Mke wangu akaingia. Wakaongea Kiha, chini chini, kwa muda. Halafu mke wangu akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda jikoni, akarudi na ugali wa muhogo kwenye sahani, kipande kidogo tu cha kumlisha mtoto, na bakuli la maharage yaliyopondwa.

"Mukwe," sauti ikaniita kutoka ndani. "Injira."

Aliniambia niingie. Miguu ilikataa. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wanaovaa viatu vya namba yangu, na nilisimama pale kama niliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mke wangu akanishika mkono akaniingiza. Nikakaa kwenye kigoda, macho kwenye saruji iliyopasuka.

Nikasikia maji ya kunawa yanamwagika. Nikasikia kijiko kinagusa bakuli, kisha kinawekwa chini. Akamega ugali kwa mkono. Alikula mbele yangu. Kumeza kulimchukua muda mrefu, nilisikia shida ya koo lake. Akamega tena. Halafu akasukuma sahani, ikaja mpaka kwenye magoti yangu.

"Kula, mwanangu," akasema kwa Kiswahili, labda asiache nafasi ya mimi kujifanya sikuelewa. "Mkwe hali na mimi. Wewe kula."

Nilikula. Sijui ladha yake. Nililia pia, na siyasemi haya ili nionekane mtu mwema. Machozi yalitoka tu, na pua nayo, na mama mkwe akacheka kidogo, kicheko kilichomuuma.

Nje ya nyumba nikampigia simu jirani yangu. Nilisikia nyuma yake kelele za Kariakoo, mtu anauza mabegi kwa kuimba.

"Kaka, ile hamsini iache," nikamwambia. "Nataka thelathini na tano."

"Fundi, nimeshaishika mkononi. Nene, nzuri, ina heshima yake. Sasa unapunguza?"

"Napunguza."

"Mwenye duka ana thelathini na tano mbili. Moja kubwa kama hii, nyingine imekaa kama kifuniko cha chupa ya chai. Nakuchukulia kubwa."

"Nichukulie hiyo ndogo."

"Wewe mteja wa ajabu," akasema. "Watu wanatafuta kikubwa wewe unatafuta kidogo. Haya, nitakuletea kifuniko chako."

Nilitaka ile ndogo kwa sababu nilikuwa nimeacha kutafuta pa kujificha. Nilitaka nikiinua kamera, mdomo wangu na shavu langu vionekane, ajue anamtazama nani. Ile nene ingeweka kopo kati yetu.

Mzigo ulifika kwa basi, lenzi imefungwa ndani ya vitenge. Niliifunga kwenye kamera, na kweli haikuzidi upana wa vidole vitatu kutokeza. Kesho yake tukaenda. Uvimbe ulikuwa umepanda, lakini sikio lilikuwa bado mahali pake na macho yalikuwa yote mawili wazi. Nilimpa mke wangu kamera, nikamwambia apige yeye, nitamwekea kila kitu, yeye abonyeze tu. Alikataa. Alitaka kumshika mama mgongoni, maana hakuweza tena kukaa bila kuegemea.

Nikafungua mdomo wa lenzi wote. Nikafungua mlango, nikamgeuza mama kidogo ili mwanga umpige upande mzuri. Nikakaa kwenye kigoda. Tulikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa bega.

"Mama," nikamwita. Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo bila ukuta katikati yetu.

Akanitazama.

Nilichokiona kilinifanya nishushe kamera. Alikuwa mke wangu. Nyusi zile zile zinazoanza nene na kuishia ghafla, kope zile zile nzito, na ile alama ndogo ya kukunja upande mmoja wa mdomo kabla ya kusema neno. Watu walikuwa wanasema siku zote kwamba binti kafanana na mama, nami nilikuwa naitikia kama mtu anayeitikia habari ya mvua. Nilikuwa nalala na uso ule, nagombana nao, naamka nao, na sikuwahi kujua ulitoka wapi. Niliona uchungu, na hasira kidogo na baba yangu, Mungu amrehemu, na hasira na mimi mwenyewe. Kisha nikainua kamera tena, nikaweka ukali kwenye jicho lake la karibu, nikapiga. Hakugeuza macho hata mara moja. Alinitazama mpaka akachoka, akafumba, na mke wangu akamlaza.

Alifariki kabla ya mvua za vuli kukolea.

Kwetu siku hizi picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza, mjukuu akiibeba kifuani. Niliichapisha kubwa, nikaitia kwenye fremu ya mbao. Watu waliitazama na kuguna. Katika picha uso ulikuwa umekolea, kila mkunjo unahesabika, na ukuta wa moshi nyuma umelainika mpaka ukawa giza tulivu. Mdogo wake wa kiume, mjomba wa mke wangu, mzee mwenye kofia ya pama na maneno machache, aliiendea akasimama mbele yake kwa muda. Halafu akaja niliposimama na wanaume wengine.

"Mkwe, hii picha ulisimama wapi?"

Sikutegemea swali hilo kwa mtu asiyeijua kamera, lakini umbali wa mkwe na mkwe kila mtu kwetu anaujua kwa kuuangalia tu.

"Ndani, mjomba. Nilikaa."

Wanaume wakageuka kunitazama. Mke wangu, aliyekuwa amekaa na wanawake chini kwenye majani, akainuka na kanga yake ya msiba, akaja mpaka kati yetu.

"Mjomba, mama alikula mbele yake," akasema. "Alimpa na yeye akala."

Mzee alivua kofia. Aligeuka akaitazama picha tena, akatikisa kichwa polepole, akarudi kukaa. Hakuna aliyeniuliza tena.

Tuliitundika sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Chumbani hapakuwa mahali pake, hilo hata hatukulijadili. Nikawa napita pale kwenda kazini na kurudi, na nikaja kugundua kwamba kila nikipita nainamisha kichwa na kupiga hatua za upande wa pili, karibu na meza. Mwili ulikuwa umerudi kwenye mafunzo yake. Mke wangu aliniona siku moja jioni, akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

"Mtazame bwana, alishakuruhusu."

Nikasimama, nikainua macho, nikamtazama. Mke wangu akaja akasimama kando yangu na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Nilipomgeukia nilikuta kicheko kimekwisha.

"Unajua mama hajawahi kunitazama hivi," akasema.

Nilimwambia labda ni mwanga, au maumivu.

"Si mwanga. Mimi alinizaa. Akinitazama alikuwa anaangalia kama nimekula, kama nimelia, kama nimemdanganya. Huyu hapa anamtazama mtu ambaye hajawahi kumwona. Ana haya, halafu anataka kumjua." Akafuta mikono ambayo ilikuwa imeshakauka. "Anakutazama wewe. Nikisimama hapa natafuta macho yangu, siyaoni."

Alichoniomba kilikuwa kimoja tu. Nikavuta kiti, nikapanda, nikashika fremu pande mbili ili niishushe.

"Iache," akasema.

"Lakini uliitaka wewe."

"Iache hapo hapo. Mtazame wewe," akasema, na akapeleka kitambaa jikoni. "Mimi nimemtazama tangu nizaliwe."